Usiwashe Redio ya Zamani Kabla ya Kubadili Kapasita

Katika baadhi ya nyumba zetu imebaki redio ya babu. Ni sanduku zito la mbao lenye kitambaa mbele ya spika. Ndani yake hamna transista. Mna valvu, yaani chupa ndogo za kioo ambazo huwaka na kupata moto kama balbu. Redio za namna hii ndizo zilizokuwapo mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika.

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi. Kijana huitoa redio ya babu darini, huipangusa vumbi, kisha huchomeka plagi ukutani. Redio hunguruma, hutoa moshi, halafu hunyamaza. Pengine haitasema tena. Na kama kijana huyo ataingiza mkono ndani, anaweza kufa.

Je, kwa nini redio iliyokuwa nzima ilipowekwa darini iungue inapowashwa tena? Mara nyingi chanzo ni kapasita.

Kapasita ni nini?

Kapasita ni kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme. Mafundi wengine hukiita kondensa. Katika redio ya valvu kapasita zina kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kutuliza umeme. Umeme unaozilisha valvu huja kwa vishindo, kama maji ya pampu ya mkono. Kapasita kubwa ni kama pipa. Maji huingia kwa vishindo, lakini bombani hutoka taratibu. Kapasita hiyo ikiharibika, redio hunguruma.

Kazi ya pili ni kuchuja. Kapasita ndogo ni kama chekeche. Hupitisha umeme mdogo unaobeba sauti, na huzuia umeme mkubwa usipite. Chekeche likitoboka, pumba huingia kwenye unga.

Kwa nini huharibika?

Kapasita ndogo za zamani zilitengenezwa kwa karatasi, zikafunikwa kwa nta au lami. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa, hata redio ikiwa imekaa tu. Karatasi yenye unyevu hupitisha umeme. Kapasita kubwa nazo zina dawa ya majimaji ndani, na baada ya miaka mingi dawa hiyo hukauka. Basi, kukaa bila kutumika hakuilindi redio.

Angalia hasara yake. Redio nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa na valvu ya EL84 ya kuendesha spika. Kabla ya valvu hiyo kuna kapasita moja ndogo ya kuchuja. Ikivuja, umeme mkubwa huingia mahali pasipotakiwa. Valvu hufanya kazi kupita kiasi na kupata moto mno. Baadaye transfoma ya spika huungua. Kapasita ni ya bei ndogo, lakini transfoma ya namna hiyo ni shida kuipata.

Linda maisha yako kwanza

Ndani ya redio ya valvu umeme hufikia volti 250 au zaidi. Hata ukiizima, kapasita kubwa inaweza kubaki imejaa umeme. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.
2. Pima kapasita kubwa kwa mita. Usiiguse kwa mkono.
3. Ukikuta volti, zimalize. Chukua rezista ya omu 10,000 ya wati 5, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri kwa plastiki. Gusisha nyaya hizo kwenye miguu miwili ya kapasita, huku ukihesabu hadi kumi.
4. Pima tena. Endelea mita ikionyesha sifuri.

Usizimalize kwa kugusisha bisibisi. Cheche zake huunguza.

Ziko pia redio zisizo na transfoma ya umeme. Katika redio hizo, bati lililobeba valvu linaweza kuwa na umeme wa ukutani wenyewe. Redio ya namna hiyo mwachie fundi aliyezoea kazi hiyo.

Kubadili kapasita

Kwanza chora picha ya mahali kila kapasita ilipofungwa. Kisha badili moja moja. Ukizitoa zote kwa pamoja utapotea.

Soma namba zilizoandikwa. Mikrofaradi ziwe zilezile. Volti ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Kwa mfano, mahali pa kapasita ya mikrofaradi 0.01 ya volti 400, ya volti 630 inafaa. Ya volti 100 haifai.

Kapasita kubwa ina upande wa kujumlisha na upande wa kutoa. Ukiigeuza inaweza kupasuka. Pia usizidishe mno mikrofaradi zake, maana utaichosha valvu inayoilisha.

Kapasita iliyofungwa kwenye nyaya za umeme wa ukutani iwe ya aina ya usalama. Ikiwa baina ya nyaya mbili za umeme, tafuta yenye alama X2. Ikiwa baina ya waya wa umeme na bati, tafuta yenye alama Y2.

Kapasita za maika na za seramiki kwa kawaida hudumu. Ziache.

Kuwasha mara ya kwanza

Usichomeke redio moja kwa moja. Kata njia ya waya mmoja wa umeme, na hapo katikati funga balbu ya wati 60 ya zamani, ile yenye uzi ndani. Balbu ya LED haifai. Kisha washa. Balbu ikiwaka halafu ikafifia, ni dalili njema. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti. Chomoa plagi mara moja, utafute kosa.

Kumbuka kwamba redio nyingi za wakati ule hupokea masafa ya kati na mafupi, na stesheni nyingi za leo hutangaza kwa FM. Jaribu usiku, maana usiku masafa hayo husafiri mbali zaidi.

Kama hujui kutumia mita wala kulehemu, usione haya kumpelekea fundi. Lakini muulize: "Utabadili kapasita kabla ya kuiwasha?" Akisema ataiwasha kwanza aone, chukua redio yako urudi nayo nyumbani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini redio huharibika hata ikiwa haitumiki?
2. Kwa nini kuzima swichi hakutoshi kabla ya kugusa ndani ya redio?
3. Kapasita ya zamani ni ya volti 350. Dukani ziko za volti 250 na 450. Utanunua ipi? Kwa nini?