Treetops: Hoteli ya mtini iliyoshuhudia ufalme na moto wa Mau Mau

WATALII wengi waliowahi kulala katika hoteli ya Treetops, ndani ya msitu wa Aberdare karibu na mji wa Nyeri, waliondoka na hadithi moja: ya binti mfalme aliyepanda mtini jioni na kushuka asubuhi akiwa malkia.

Hadithi ya pili, ya jinsi hoteli hiyo ilivyoteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau miaka miwili baadaye, aghalabu hutajwa kwa sentensi moja tu. Hata hivyo, anayetaka kuielewa ya kwanza hana budi kuisikiliza ya pili.

Mwanzilishi wa hoteli hiyo alikuwa Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell, mwasisi wa chama cha Skauti. Mnamo 1928, yeye na mkewe, Bettie, walifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri.

Mwaka wa 1932 walijenga kibanda cha mbao chenye vyumba viwili juu ya mti wa mugumo, kando ya dimbwi ambapo tembo, vifaru na nyati walikuja kunywa maji na kulamba chumvi. Wageni wa Outspan walipelekwa huko kulala usiku mmoja na kutazama wanyama hao.

Kwa jamii ya Agikuyu, mugumo si mti wa kawaida. Chini yake wazee walimwomba Ngai na kumtolea dhabihu. Lakini enzi hizo Mwafrika aliyefika Treetops alifika kama mtumishi wala si mgeni.

Nyeri ilikuwa tayari kituo cha walowezi. Baden-Powell mwenyewe alihamia Outspan mnamo 1938, katika nyumba aliyoiita Paxtu. Alifariki Januari 8, 1941, akazikwa mjini humo. Baadaye nyumba hiyo ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara nchini India.

Corbett ndiye aliyefuatana na Binti Mfalme Elizabeth na mumewe Philip walipofika Treetops Februari 5, 1952. Usiku huo, nchini Uingereza, Mfalme George wa Sita aliaga dunia usingizini. Elizabeth hakuwa na habari. Alipashwa habari hizo siku iliyofuata, Februari 6, akiwa amerejea Sagana Lodge, nyumba iliyotolewa na koloni la Kenya kuwa zawadi ya harusi yake.

Miezi minane tu ilipita kabla ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari, Oktoba 20, 1952. Waliopokonywa ardhi na kunyimwa sauti ya kisiasa walikuwa wamekula kiapo, na maelfu yao wakaingia misituni, katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ambayo wakoloni waliiita Aberdare. Msitu uliokuwa bustani ya kuwatazamia wanyama ukageuka uwanja wa vita, nazo ndege za kijeshi zikaudondoshea mabomu.

Treetops nayo haikubaki nje ya vita. Wanajeshi wa serikali ya kikoloni waliitumia kama kituo cha kuchungulia nyendo za wapiganaji. Mei 27, 1954, Mau Mau waliichoma moto.

Wapo waliokiona kitendo hicho kuwa uharibifu mtupu. Lakini kwa mpiganaji aliyejificha msituni, jengo hilo lilikuwa jicho la adui, na pia nembo ya utawala aliokuwa akiupinga. Kuanzia mwaka huohuo wa 1954, zaidi ya watu milioni moja katika eneo la kati walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyokuwa chini ya ulinzi mkali, ili wasiwape wapiganaji chakula.

Oktoba 21, 1956, Dedan Kimathi alikamatwa Nyeri. Alihukumiwa mjini humo na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Katika mwaka huo wa 1957, Treetops mpya, kubwa kuliko ile ya awali, ilijengwa ng'ambo ya dimbwi lilelile. Malkia aliizuru tena Novemba 1983.

Hoteli za kifahari hazikwepi misukosuko ya nchi zao. Mnamo 1994, mamia ya watu waliokimbia mauaji ya halaiki jijini Kigali walijificha katika hoteli ya Mille Collines. Huko, hoteli iliyojengewa matajiri iligeuka ngao ya wanyonge. Treetops haikuwahi kuwa ngao ya wenyeji wa Nyeri.

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mnamo 2003, na sanamu ya Kimathi ikazinduliwa jijini Nairobi mwaka wa 2007. Mnamo 2013, Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa fidia zaidi ya wahasiriwa 5,000 wa mateso ya wakati wa hali ya hatari.

Malkia Elizabeth alipofariki Septemba 8, 2022, vyombo vya habari vya dunia viliikumbuka Treetops, ambayo wakati huo ilikuwa imefungwa kufuatia janga la Korona. Vingi vilisimulia usiku wa 1952. Ni vichache vilivyouliza ni nani waliokuwa msituni miaka miwili baadaye, na ni kwa nini walibeba moto.