Kipande Kikigoma Kuingia

Mlango mpya ukigoma kuingia kwenye fremu, fundi seremala wa kwetu Kaisho, karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda, hasumbuki sana. Hupitisha randa ubavuni, hujaribu, hupitisha tena. Ukibaki unabana kidogo, huusukuma kwa bega. Ni mbao. Masika yatazivimbisha, kiangazi kitazirudisha, na baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka kwamba mlango ule uliingia kwa ubabe.

Bati la alumini hukumbuka.

Wapo watu duniani wanaojiundia ndege wenyewe. Hununua kiwandani makasha yenye mabati yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, pamoja na michoro na mifuko ya ribiti (pini za kubania mabati), kisha huunganisha kipande kwa kipande. Si mchezo wa Wazungu peke yao: mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya aina ya Sling 4 kwa wiki tatu, na baadhi yao wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo.

Kila mwenye kazi hiyo ana siku yake ya kulaani. Mabati mawili yamelaliana, matundu tisa yamepatana, la kumi limepishana nusu milimita. Mkono unaanza kutafuta nyundo. Hapo ndipo fundi mzuri huweka vifaa chini akanywe chai, kwa sababu mara nyingi kosa haliko kwenye kipande kinachogoma. Pengine kimegeuzwa, cha kushoto kimewekwa kulia. Pengine chenga ya bati imenaswa katikati, au aliyefunga vibanio vya muda alianzia ncha moja akaenda mfululizo, kosa dogo likajilimbikiza hadi mwisho. Akivifungua vyote na kuanza upya kutoka katikati, tundu la kumi huenda likakubali lenyewe.

Hata jua lina mkono wake. Asubuhi ya vilima vya Karagwe ni baridi na mchana unawaka. Bati la alumini la mita 3 likiongezeka joto kwa nyuzi 15 hurefuka milimita 1 hivi. Nusu yake ikiwa juani na nusu kivulini, matundu huenda yasikutane.

Na kama kosa ni la kweli? Kishawishi ni kuchokonoa kwa drili mpaka ribiti ipenye. Tundu la mviringo linageuka umbo la ganda la karanga, ribiti hailijazi, na kiungo kinacheza. Njia ya halali ni kutoboa tundu safi la saizi inayofuata na kutia ribiti nene zaidi, lakini pale tu bati linaporuhusu: kwa kanuni ya kawaida, kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni pabaki angalau mara mbili ya unene wa ribiti. Ribiti ya milimita 3.2 inadai milimita 6.4. Pakipungua, fundi humwuliza mtengenezaji kwanza, na huenda kipande kikatupwa.

Pengo nalo lina hila yake. Bolti ikikazwa hulifunga, na jicho linaridhika. Lakini bati lililovutwa kwa nguvu tayari limebeba mzigo kabla ndege haijaondoka chini. Ongeza mtikisiko wa injini na mabawa yanayopinda kila safari, na ufa utaanza penye tundu. Ndiyo maana pengo hujazwa kwa bamba jembamba lililopimwa.

Nguvu ya tundu dogo ilijulikana kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ilianza safari za abiria kutoka London hadi Johannesburg ikipitia Entebbe, pale Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu wa Murongo. Ndege iyo hiyo iliyofungua safari hizo ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954, wakafa watu 35. Wachunguzi walizamisha Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakaipandisha na kuishusha shinikizo hadi ikachanika. Hewa iliyokuwa ikijazwa na kupunguzwa kila safari ilikuwa imechosha bati, na nyufa zilianzia kwenye kona za madirisha, penye matundu ya vifungio.

Wakati mwingine mkosaji ni kiwanda. Mwaka 2023 kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, mashuhuri kwa ndege za kujiundia, ilikumbwa na malalamiko ya wateja: baadhi ya vipande vilitobolewa kwa leza, na mafundi walipobonyeza kingo za matundu ili vichwa vya ribiti vilale sawa na bati, nyufa zikachomoza. Desemba mwaka huo kampuni ikaomba mahakama iikinge na wadai. Baadhi ya wateja walikuwa wamekwisha kugonga ribiti kwenye mabawa, na ili kubadilisha bati ilibidi watoboe kichwa cha kila moja kwa drili, taratibu, bila kugusa tundu lililo chini yake.