Asilimia 240 ya Nini?

Wengi mnajua mwenzenu nilikuwa na kibarua cha usiku kwenye chumba cha seva, cha kujazia ada. Kazi yenyewe ni kukaa macho na kuangalia namba. Usiku mmoja, saa nane, seva ya usajili wa wanafunzi ikasoma matumizi ya prosesa asilimia 240. Jasho likanitoka! Nikajua kitu kinaungua na kibarua kinaota nyasi. Nikampigia bosi, nikamwamsha. Akauliza, "240 ya nini?" Sikuwa na jibu.

Jibu ni hili. Seva za IBM aina ya POWER, tangu POWER5 ya mwaka 2004, zinaweza kukatwa vipande viitwavyo patisheni, na kipande kikapewa hata sehemu ya kumi ya prosesa moja. Kila kimoja kinajiona kompyuta kamili. Chetu kilikuwa na mgao wa nusu prosesa, na usiku ule kilikuwa kinatumia prosesa 1.2. Gawanya 1.2 kwa 0.5, unapata 2.4. Ndiyo hiyo 240, asilimia ya mgao wetu, si ya mashine nzima. Kwenye AIX amri ya lparstat inaonyesha yote mawili: physc ni prosesa zilizotumika kweli, %entc ni asilimia ya mgao. (Msichanganye na top ya Linux: kule programu moja ikitumia prosesa mbili husomeka 200, hesabu nyingine kabisa.)

Ziada inatoka wapi? Fikiria jiko letu la hosteli: sahani nne, sisi wanne, kila mtu sahani yake. Wenzangu wakienda maktaba, nabandika wali, maharage na mchuzi kwa mpigo. Asilimia 300 ya haki yangu, na jiko halijaungua. Ila nina sufuria tatu tu, kwa hiyo sahani ya nne siigusi. Sufuria hizo ndizo prosesa za kufikirika ambazo patisheni imepewa. Msimamizi wa jiko ni programu iitwayo haipavaiza, inayopanga zamu kila milisekunde 10. Patisheni iliyofungwa haivuki mgao wake hata jiko likiwa tupu. Isiyofungwa hugombea kilichobaki kwa uzito wake, kati ya 0 na 255.

Sasa lililoniuma. Wiki ya usajili iliangukia mwisho wa mwezi, na patisheni za jirani zikaanza kazi ya mishahara. Wenye jiko wamerudi nyumbani! Namba yetu ikashuka hadi 100. Mimi nikatulia, nikanywa chai, kumbe huko nje kurasa hazifunguki. Mwenzetu mmoja wa chama hiki alikosa nafasi ya somo alilolingojea mwaka mzima. Ningetazama foleni ya kazi zinazosubiri, safu ya r kwenye vmstat, ningeona inarefuka. Na safu ya app ya lparstat, pale inaporuhusiwa kuonekana, ingeniambia kwamba prosesa za akiba zimekwisha.

Bosi hakunifukuza. Aliongeza mgao wetu kuwa prosesa 1.5. Mzigo uleule wa 1.2 sasa unasoma asilimia 80.