Wazee Wasiokuwako

Katika mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilipiga chapa maneno ya kutisha. Yalisemwa kuwa ni shauri la wazee wa Kiyahudi, waliokutana kwa siri ili waitawale dunia yote. Baadaye yalifanywa kitabu, kikafasiriwa kwa lugha nyingi, na watu wengi wakakisadiki.

Hata mwaka 1921, Mrusi mmoja aliyekimbia nchi yake alimletea Philip Graves kitabu kikuukuu cha Kifaransa. Graves alikuwa mwandishi wa gazeti la Times katika mji wa Constantinople, uitwao sasa Istanbul. Ukurasa wenye jina la kitabu ulikuwa umenyofoka. Graves akaviweka vitabu viwili kando kando, akavilinganisha fungu kwa fungu. Lo! Mengi yalikuwa yale yale. Nakala kamili ikaonekana London: mtungaji ni Maurice Joly, naye alikitoa mwaka 1864 ili amsute Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, wala hakuwa na neno na Wayahudi. Maneno aliyomtilia Machiavelli kinywani, mwizi aliyatia vinywani mwa wazee wasiokuwako. Tena mwizi huyo alikuwa mvivu, hakujisumbua kuyageuza sana.

Times likayatangaza hayo yote mwezi wa Agosti 1921. Lakini Hitler na wafuasi wake walizidi kukieneza kitabu kile, na kufikia mwaka 1945 walikuwa wamewaua Wayahudi wapata milioni 6.