Kizuiarejeo katika Mabomba ya Pampu: Jina, Uteuzi na Ukubwa Wake

Makala haya yanahusu kifaa kidogo ambacho mafundi wa Kisangani hukiita klape, neno walilolipokea kutoka Kifaransa. Hufungwa katika bomba, aghalabu mbele ya pampu, ili maji yaliyokwisha kupandishwa yasirudi chini pampu inaposimama. Kifaa hiki kimeingia katika kurasa za wanaisimu kwa sababu mbili: jina lake halijatulia, na tumeshuhudia hasara iliyotokana na kukinunua kwa kutaja jina na kipenyo cha bomba tu.

Hasara yenyewe ilitokea katika jengo moja la ghorofa tatu, komini ya Makiso, ambamo mwandishi ni mpangaji. Pampu hupandisha maji kutoka birika la chini hadi tangi la juu, kimo cha mita 12 hivi, na bomba huingia tangini kwa chini. Kila umeme ulipokatika, bomba liligonga kama mtu apigaye nyundo ukutani. Tukazoea. Usiku mmoja kiungo kikaachia, na tangi zima likamwagikia ngazi na chumba cha jirani aliyehifadhi humo magunia ya mchele wa biashara yake.

Tuanze na jina. Kwa Kifaransa jina kamili lina kiambishi cha kupinga, kwa maana ya klape inayopinga kurudi. Haraka ya dukani hukimega kiambishi hicho, ikabaki “klape ya kurudi”, maneno yanayosema kinyume cha kazi ya kifaa. Muuzaji mzoefu huelewa. Mwanafunzi asomaye peke yake hupotea. Neno vali, litumikalo Tanzania hata kwa moyo wa mwanadamu, ni la jumla mno, kwani halionyeshi mwelekeo. Lakini Kiswahili kina njia yake ya kuunda majina ya zana: kipimajoto, kizimamoto, yaani ki- ikifuatwa na kitenzi pamoja na yambwa yake. Kwa njia hiyo hiyo napendekeza kizuiarejeo. Dhana yenyewe si ngeni hapa. Vikapu vya Wagenia, pale maporomokoni, humpokea samaki asukumwaye na mkondo, wala hawezi tena kutoka.

Aina zake ni nyingi. Hapa zatosha tatu. Kizuiarejeo cha mlango kina kisahani kining'iniacho kwa bawaba. Maji hukisukuma kikafunguka, na uzito wake hukirudisha kwenye kitako. Ni chepesi kutengeneza na njia yake ni pana, ila hukawia kufunga. Pampu ikisimama ghafla, maji huanza kurudi kabla kisahani hakijafika, kisha hukibamiza. Kizuiarejeo cha springi hakingoji: kadiri mwendo unavyopungua, springi hukisukuma kisahani kikafunga kabla maji hayajageuka. Cha tatu ni cha mguu, kikaacho mwisho wa bomba la kuvutia pamoja na chujio, ili bomba lisibaki na hewa.

Ule mgongo unaosikika ukutani una hesabu yake. Mwaka 1898 Nikolai Joukowsky, aliyefanya majaribio katika mabomba ya maji ya Moscow, alieleza uhusiano kati ya mwendo uliozuiwa ghafla na shinikizo linalozuka. Katika bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde inayokatizwa ghafla huzusha shinikizo linalokaribia lile la maji yenye kimo cha mita 100. Kwa hiyo hata nusu ya mwendo huo yatosha kuleta mita 50, ilhali jengo letu lina mita 12. Bomba la plastiki hupata pigo dogo zaidi, kwa kuwa kuta zake hunyumbuka.

Kuhusu ukubwa, kosa lililozoeleka ni kuchukua kipenyo cha bomba na kudhani kazi imekwisha. Kinachofungua kisahani si kipenyo, ni mwendo wa maji. Tuchukue pampu itoayo mita za ujazo 6 kwa saa, yaani lita 100 kwa dakika. Katika tundu la milimita 50 mwendo ni mita 0.85 kwa sekunde; katika milimita 40 ni 1.33, katika milimita 32 ni 2.07. Ikiwa mtengenezaji ameandika kwamba mlango hufunguka kikamilifu kwa mita 1.5, basi kile cha milimita 50 kitabaki nusu wazi, kikitetemeka na kuila bawaba yake mchana kutwa. Afadhali cha milimita 32, hata kama bomba ni la 50. Gharama yake ni ndogo: kizuizi chenye kigawo cha upotevu cha 2 hupoteza hapo sentimita 44 tu za kimo. Hesabu ifanywe kwa maji yanayofika kweli kwenye kimo hicho, si kwa namba kubwa iliyopigwa chapa kwenye pampu. Kanuni hii haihusu kile cha mguu, ambacho njia yake sharti iwe pana kuliko bomba, maana upande wa kuvuta hauna nguvu ya kupoteza.

Kifungwe kati ya pampu na vali ya kufungia kwa mkono, ili kitengenezwe bila kumwaga tangi, na kiwe mbali na kona kwa angalau vipenyo vitano vya bomba. Tena kisichukuliwe kuwa kinga ya maji ya kunywa, kwani punje ya mchanga kwenye kitako yatosha kupitisha uchafu. Katika mji ambako kipindupindu kiliripotiwa mapema 2011 kabla ya kushuka na mto hadi Kinshasa, tofauti hiyo ina uzito.

Jengoni petu tumefunga cha springi, cha milimita 32. Kile cha zamani kipo mezani pangu. Pini ya bawaba yake imelika upande mmoja karibu nusu.