Mpaka wa Hewa Baridi: Huku Mvua, Kule Moto

Tarehe 6 Juni 2017 wakuu wa jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, walitangaza kwamba shule za Cape Town na wilaya za jirani zifungwe siku ya pili yake. Dhoruba waliyoihofia ilikuwa bado iko baharini. Waliokuwa wameiona ni wataalamu wa hali ya hewa, katika ramani zao.

Ni kitu gani walichokiona? Ni mpaka wa hewa baridi, yaani mstari ambapo hewa baridi itokayo pande za Ncha ya Kusini hukutana na hewa yenye joto. Hewa hizi mbili hazichanganyiki upesi. Ile ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hujipenyeza chini kama kabari na kuisukuma ile ya joto juu. Hewa inayopanda hupanuka na kupoa. Mvuke uliomo hugeuka matone, mawingu yakajengeka na mvua ikanyesha.

Mpaka huo unapoikaribia Cape Town, kanieneo ya hewa hushuka na upepo huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Ukishapita, upepo hugeuka ukatoka kusini-magharibi, kanieneo hupanda, na baridi huingia.

Tarehe 7 dhoruba ilifika kama ilivyotabiriwa. Upepo uliezua mapaa, na watu kadhaa walipoteza maisha. Lakini madarasa yalikuwa matupu.

Siku hiyohiyo, mji wa Knysna, ulioko mbali mashariki katika pwani hiyo, ulipatwa na msiba wa namna nyingine. Mpaka ulikuwa haujafika huko. Mbele yake, upepo uliteremka kutoka nyanda za juu za bara kuelekea baharini. Hewa inayoshuka hugandamizwa, na kwa kugandamizwa hupata joto, kiasi cha nyuzi 10 za Sentigredi kwa kila mita 1,000. Ilifika pwani ikiwa kavu na yenye joto, penye misitu iliyokwisha kukaushwa na ukame. Moto uliozuka ulienezwa na upepo huo ukateketeza mamia ya nyumba. Watu saba walikufa.

Basi mpaka mmoja ulileta gharika upande mmoja na moto upande wa pili. Utabiri humfaa msikilizaji anayejua yuko upande gani wa mpaka, na lini utampitia.

Jambo hili halihusu Afrika Kusini peke yake. Mpaka wenyewe hufifia njiani, lakini hewa baridi iufuatayo mara nyingine hupanda kwa Mlango-bahari wa Msumbiji na kuutia nguvu upepo wa kusi katika pwani ya Tanzania na Kenya. Mvuvi wa Mtwara aambiwapo kwamba bahari itachafuka mwisho wa juma, huenda chanzo chake ni baridi iliyopita Cape Town siku chache kabla.