Kwa nini mwandishi wa sayansi afundishwe kupima barafu?

Huko Alaska, kaskazini mwa safu ya milima ya Brooks, kipo kituo cha utafiti cha Toolik, kilichoanzishwa mwaka 1975. Maabara ya Biolojia ya Bahari ya Woods Hole, Marekani, imewahi kuwapeleka huko waandishi wa habari, si kuwahoji watafiti tu, bali kufanya kazi pamoja nao.

Kazi yenyewe haina makuu. Ili kujua udongo umeyeyuka kwa kina gani katika majira ya joto, fimbo ya chuma huchomekwa ardhini hadi igonge tabaka lililoganda. Hatua chache mbele, fimbo hiyo hiyo hutoa jibu jingine. Aliyerudia zoezi hilo kutwa nzima hataandika tena wastani kana kwamba ni kipimo kimoja kisicho na shaka.

Mwanahabari wa Mbarara hana haja ya kwenda mbali hivyo. Milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, ilikuwa na takriban kilomita za mraba 6.5 za barafu mwaka 1906. Kufikia 2003 ilibaki chini ya moja. Kupungua huko hakubishaniwi. Kilichobishaniwa ni sababu: baadhi ya wanasayansi walitaja kupanda kwa joto la hewa, wengine wakasema hewa kavu na uchache wa mawingu viliiacha barafu wazi kwa jua. Habari inayochanganya mambo hayo mawili humpotosha msikilizaji, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Ustadi huo una kazi hata pasipo na barafu. Mto Rwizi hupita Mbarara na kuelekea kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale. Kando ya Ziwa Nakivale, wilayani Isingiro, wanaishi wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, wanaotegemea maji hayo. Kwao, tangazo la redio kwamba maji yanakwisha si jambo dogo.

Kabla ya kulisoma, mwanahabari anaweza kupima upana na kina cha mto, kutupa chungwa majini na kuhesabu sekunde linazotumia kupita mita 10, kisha kurudia kiangazi na masika. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo jibu lake la kwanza litakuwa kubwa mno. Hapo atakuwa na swali la maana la kumpelekea mtaalamu katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara.